Msasa na Mama Vanishi

Shemeji yangu walimwita Msasa, na sidhani kama kulikuwa na mteja hata mmoja aliyejua jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mrefu, mwembamba, na viganja vyake vilikuwa vikavu hivi kwamba ukimpa mkono unatoka umekwaruzwa. Kazi yake ilikuwa kutandika sakafu za mbao ngumu majumbani mwa watu, na kuzifufua zile zilizochakaa, pamoja na ngazi. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, alipaka vanishi. Naye wakamwita Mama Vanishi, jina likamganda, hata zahanati waliliandika hivyo kwenye kadi yake.

Mimi ni mshona mapazia. Wao wakimaliza sakafu, shemeji alikuwa ananipigia debe kwa mwenye nyumba: "Sakafu kama hii bila pazia la maana ni sawa na suti bila viatu, mama. Sasa mimi nina shemeji yangu hapa..." Ndiyo maana mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, nikiwa nimesimama juu ya kiti na pini mdomoni.

Walikutana kazini. Dada alikuwa msichana wa kazi kwenye nyumba fulani, na Msasa, enzi hizo kijana, alikuwa ameweka sakafu mpya sebuleni. Alipaka vanishi, akafunga kamba mlangoni ili mtu asipite, akaenda zake. Asubuhi anarudi, anakuta nyayo za miguu mitupu zimekatiza chumba kizima hadi dirishani.

"Nani kapita hapa?"

"Mimi," dada akamjibu. "Nilitumwa kufunga dirisha."

"Kamba hukuiona?"

"Kamba umefunga mlango wa mbele. Wa nyuma umeuacha wazi. Ulitaka nijue kwa ndoto?"

Shemeji mwenyewe ndiye aliyetusimulia kwamba alicheka hadi akakaa chini. Akampa msasa laini na brashi, akamwambia basi rekebisha ulichoharibu. Dada akarekebisha, na pale aliporekebisha pakatoka pazuri kuliko pengine pote. "Nikaona huyu nikimwacha atakwenda kuwapakia maadui zangu," alikuwa akimalizia, na dada akimpiga kwa kanga begani.

Kazi yao ilikuwa ya watu wawili kweli kweli. Msasa alianzia kwenye ukuta mrefu ulionyooka. Alivuta uzi wenye chaki, akaupigisha chini ukaacha mstari, ubao wa kwanza ukalala hapo. Kila ubao una ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Ulimi wa huu unaingia kwenye mfereji wa ule, na msumari unapigwa ulimini ili usionekane tena. Pembeni mwa ukuta aliacha mwanya mdogo, na wateja walikuwa wakimuuliza kwa nini anawapunja. "Mbao inapumua," aliwaambia. "Mvua zikianza inavimba kama mtu aliyeshiba. Ukiibana itanyanyuka katikati ya sebule, ujikwae na birika mbele ya wakwe." Baada ya mashine ya msasa kupita, kwanza ule mkali na mwishoni ule laini, dada aliingia na brashi yake pana na soksi miguuni, akianzia kona ya mbali na kurudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Msasa alisimama nje, ameinamisha kichwa ili mwanga umwonyeshe palipobaki.

"Kushoto, Mama Vanishi. Kushoto kwako, si kwangu."

"Nimepaona. Nyamaza nipake."

Waliishi hivyo miaka na miaka. Walimsomesha binti yao, akaolewa mji wa mbali, na nywele zao zikaanza kufanana na vumbi walilokuwa wakilifagia.

Ugonjwa haukuja kwa kishindo. Penseli iko juu ya sikio, Msasa anaitafuta, nani hajawahi? Ameuliza jambo, amejibiwa, anauliza tena. Tulisema ni uzee, na yeye mwenyewe alisema kichwa chake kimejaa vumbi la mbao, siku moja atakipiga chafya kiwe safi.

Mimi niligutuka siku moja nikitundika mapazia kwenye nyumba waliyokuwa wakiimalizia. Shemeji aliniangalia kutoka mlangoni, akasema, "Shemeji, hayo ni mapazia au unashona hema? Kama unataka kuhamia sema tu." Nikacheka, nikamwambia nyumba hii nzuri mno, hata yeye hawezi kupewa chumba. Akaenda kunywa maji. Aliporudi alisimama pale pale mlangoni, uso ukamchanua kama mtu aliyeniona kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Aa, shemeji! Hayo ni mapazia au unashona hema? Kama unataka kuhamia sema tu."

Nilimtazama dada. Alikuwa amechuchumaa akifungua kopo la vanishi kwa bisibisi. Hakuinua kichwa, ila mkono wake ulikuwa umesimama. Shemeji alipotoka tena, dada aliniambia kwa sauti ya chini, "Akikuchekesha, cheka."

Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani, shemeji akitangulia mbele yetu na sanduku lake la vifaa, dada alinieleza. Msasa, aliyekuwa akipima kwa jicho na kupatia, sasa alikuwa anakata vipandio vya ngazi vikitoka vifupi. Anapima, anageuka kuchukua msumeno, na kipimo kimeshamtoka. Dada alikuwa akipima nyuma yake kwa siri, anaandika kwa penseli juu ya ubao kabla hajakata.

"Hospitali umempeleka?"

"Nimempeleka. Daktari kasema ubongo umezeeka kabla ya mwenyewe. Dawa ya kuurudisha hakuna."

"Na yeye anajua?"

"Siku nyingine anajua. Siku hizo ndizo mbaya."

"Wateja je?"

"Wateja wanajua anaumwa jino," akasema, na tukacheka wote wawili, ingawa hapakuwa na cha kuchekesha. Mbele yetu shemeji aligeuka, akataka kujua tunamsengenya nani.

Kisha ikaja kazi ya mwalimu. Huyu alikuwa mwanamke mstaafu aliyeishi peke yake kwenye nyumba ya ghorofa iliyojengwa na baba yake. Sebule yake ilikuwa na sakafu ya mninga, mbao nene za zamani zilizopoteza rangi, na ngazi ya kupanda vyumbani ilikuwa imelika katikati kwa kukanyagwa. Alitaka vyote vifufuliwe. Siku ile Msasa alimaliza kupitisha mashine sebuleni asubuhi, sakafu ikatoka nyekundu na safi kama kitu kilichozaliwa upya. Vanishi waliyokuwa nayo haikutosha. Dada akamwacha na ufagio, akaja dukani tulikopatana kukutana, maana nami nilikuwa naenda kupima madirisha ya mwalimu.

Tulipofika getini na makopo yetu tulisikia mashine ikinguruma. Dada alisimama ghafla.

"Alikuwa amemaliza," akasema. "Nimemwacha anafagia."

Aliacha makopo pale pale akakimbia. Ndani vumbi lilikuwa jekundu, zito, na katikati yake shemeji anaisukuma mashine taratibu, akipiga mluzi. Karibu na dirisha cheche zilikuwa zikiruka. Dada aliufuata waya mpaka ukutani akauchomoa.

"Umeme umekatika," Msasa akasema. Alipotuona alitabasamu. "Umechelewa, Mama Vanishi. Nimeona nianze tu peke yangu."

Vumbi lilipotulia tukaona. Alikuwa amepita chumba kizima tena na tena, na pale dirishani alikuwa ameishikilia mashine mahali pamoja hadi sakafu ikabonyea kama bakuli. Zile ndimi zinazofichwa ndani ya mbao zilikuwa zimefichuka, nyembamba kama kucha, zinapasuka. Vichwa vya misumari vilimetameta kwa mstari.

Mwalimu alitoka jikoni na kikombe mkononi. Alitazama sakafu, akatutazama sisi.

"Kumetokea nini hapa?"

Mimi nilingoja ule uongo wa jino. Dada akasema, "Mwalimu, mume wangu anasahau. Ni ugonjwa. Alimaliza asubuhi, akasahau kwamba amemaliza, akaanza upya. Kosa ni langu mimi niliyemwacha peke yake."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema jambo hilo mbele ya mgeni. Na alilisema mbele ya mwenyewe.

"Nani anasahau?" Msasa akauliza.

Alitutazama mmoja mmoja, akashuka chini kwa magoti, akaanza kuipapasa sakafu kwa kiganja, polepole, akielekea dirishani. Mkono ulipofika kwenye misumari ukasimama. Sisi tulikuwa tumeona uharibifu, lakini yeye alikuwa ameuelewa.

"Hii nimefanya mimi?"

"Ndiyo, baba," dada akamwambia.

"Mimi?"

Shemeji alifungua zile pedi alizovaa magotini, akaziweka chini sambamba, akakaa akiegemea ukuta na kuitazama mikono yake.

"Nilijifunza kutambaa juu ya mbao hizi," mwalimu akasema. Sauti yake haikupanda. "Naomba muondoke nyumbani kwangu."

Tuliondoka. Siku zilizofuata ndipo nilipoelewa maana ya maneno ya dada, kwamba kuna siku anajua.

Dada alirudi kwa mwalimu peke yake kuomba amalizie alichoharibu mumewe. Mwalimu alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani. "Sijasamehe," akamwambia. "Lakini siwezi kuishi na shimo sebuleni. Rekebisha." Dada alihangaika mpaka akapata mninga wa zamani kutoka kwenye nyumba iliyokuwa ikibomolewa. Mbao zilizoharibika zikang'olewa, na yeye, aliyekuwa mtu wa brashi maisha yake yote, akatandika hizo nyingine kwa mkono wake. Mimi ndiye niliyemshikia mbao. Nilizoea sindano, si nyundo, na kidole gumba changu kilijua hivyo kabla ya saa sita mchana.

Shemeji hatukuweza kumwacha nyumbani, na mashine hakuna aliyethubutu kumpa. Dada akamkalisha kwenye ngazi na kikwangulio cha mkono na kipande cha msasa alichokivingirisha kwenye kigogo. "Hapa hata akirudia mara mia hataharibu," akaninong'oneza. Shemeji akaanza kipandio cha juu kabisa. Alikuna, akapangusa, akapapasa, akakuna. Kama alisahau alipoishia, vidole vilimwonyesha, kwa sababu palipokwanguliwa na pasipokwanguliwa ni vitu viwili kwa mtu mwenye mikono kama ile.

Mwalimu alikuwa akipita kando yake bila kumsalimu. Msasa ndiye aliyemsemesha.

"Samahani mama, nyumba hii ya nani?"

"Yangu."

"Una ngazi nzuri."

Mwalimu akapita. Baadaye akashuka tena.

"Samahani mama, nyumba hii ya nani?"

Nadhani mwalimu alifikiri anamfanyia mzaha. Alisimama amkemee, kisha akamwona usoni. "Yangu, fundi," akasema. "Nimezaliwa humu."

"Basi una ngazi nzuri. Hapa katikati pamelika. Kuna mtu alikuwa anashuka mbio."

"Kaka yangu," mwalimu akasema. "Alikuwa hashuki, anaporomoka. Baba alimchapa, haikusaidia."

"Yuko wapi sasa?"

"Alifariki."

"Pole sana mama," Msasa akasema, akaacha kukuna, akaweka kiganja juu ya kile kipandio kana kwamba anampa pole nacho pia.

Kesho yake alimuuliza tena nyumba ni ya nani, na mwalimu akamjibu kama hajawahi kuulizwa. Habari ya kaka alimsimulia upya, na shemeji akampa pole upya. Kufikia vipandio vya chini mwalimu alikuwa anashusha kiti chake na kusukia hapo hapo kikapu chake. Sikuwahi kumsikia akitaja sakafu tena, ila tulipomaliza, kiraka chetu kilionekana. Mbao zilikuwa za jamii moja lakini jua lilikuwa limezipiga tofauti, na vanishi ya dada haikuweza kuficha. Mwalimu alitandika zulia juu yake siku hiyo hiyo. Ngazi ndiyo iliyotoka namna ambayo sijaona mahali pengine. Ilikuwa kazi ya mwisho ya shemeji yangu.

Nyumbani mambo yakaharibika upesi. Alianza kutoka na kuingia kwenye nyumba za majirani. Anapiga magoti sebuleni kwa mtu, anagonga saruji kwa vifundo vya vidole, anamwambia mwenye nyumba, "Hapa chini pako wazi, patabonyea." Mwanzoni walicheka na kumrudisha kwa mkono. Halafu wakaanza kufunga milango wakimwona, na mtoto mmoja akamtungia wimbo. Dada akaacha kupokea kazi. Binti yao alikuja, akakaa alivyoweza, akalia, akarudi kwa watoto wake.

Siku nilizokwenda kumpumzisha dada nilikuwa nakaa na shemeji mimi. Nilijitahidi kumtania. Nikimwambia, "Shemeji, hilo shati umelivaa au limekuvaa?" ananitazama kwa adabu kama mtu anayeongeleshwa lugha ya ugenini. Siku moja alinishika mkono mlangoni akapiga kelele za mwizi. Niliketi uani mpaka dada aliporudi, na sikumwambia.

Ikabidi mashine iuzwe. Mnunuzi alikuja, fundi wa upande wa pili wa mji, mtu mstaarabu. Aliikagua, kisha akaichomeka uani aisikie. Ilipoanza kunguruma tu, mlango wa chumbani ukafunguka. Msasa alikuwa amevaa viatu, cha kushoto kulia na cha kulia kushoto, na koti lake la kazi.

"Haya, twende," akasema.

"Leo hakuna kazi, baba," dada akamwambia.

"Mashine inalia, wewe unasema hakuna kazi?"

Yule fundi aliizima haraka. Alisimama pale, mkono bado kwenye swichi, akimtazama shemeji kama anayemjua. "Shikamoo, mzee," akasema. Msasa akaitikia marahaba, akamuuliza chumba chake kina upana gani. Fundi akamtajia. Wakazungumza kuhusu chumba hicho muda mrefu, chumba ambacho hakikuwepo, na dada aliingia jikoni akafungua bomba la maji ili asisikike. Mashine ilichukuliwa shemeji alipolala.

Alipoacha kabisa kumtambua mkewe, dada mwanzoni alikuwa anamsahihisha. "Mimi ni mkeo." Kila aliposema hivyo yule mzee alishtuka na kuona haya, kama aliyepewa habari nzito. Akaacha. Akawa yeyote anayetakiwa kuwa. Alasiri moja nilikuwepo, nakunja nguo kwenye mkeka, dada anamlisha mumewe uji. Shemeji akamwangalia, akajinyoosha kitini kama anavyofanya mtu mbele ya mteja.

"Karibu mama. Vipimo vya chumba umeleta?"

"Sijaleta."

"Si kitu. Mke wangu anakuja sasa hivi. Vipimo siku hizi anashika yeye, mimi vinanitoka."

Dada aliweka kijiko chini. "Kumbe mkeo naye fundi?"

"Fundi?" Akacheka. "Mimi natandika tu, mama. Watu wakiingia ndani wanaona nini? Wanaona alichopaka yeye. Mimi niko chini ya kazi yake."

"Umeshamwambia hivyo?"

Alifikiri kwanza. "Yule? Ukimsifu ataomba nyongeza."

Dada alicheka mpaka akafunika uso kwa viganja, na mimi nikageukia ukutani na shati mikononi. Alipoondoa viganja, Msasa alikuwa anautazama mlango.

"Leo amechelewa," akasema.

"Atafika," dada akamwambia. "Nimempita hapo njiani."

Msimu wa baridi kifua kilimbana. Pengine lilikuwa lile vumbi la miaka yote, daktari hakusema kwa uhakika. Alifia hospitalini, dada akiwa ametoka kwenda kuosha kikombe chake. Jambo hilo lilimuumiza kupita kifo chenyewe, kwamba alikaa naye siku zote zile na akaondoka katika dakika chache za kikombe. Mazishini watu walikuwa wachache kuliko nyumba alizozitandika. Mwalimu alikuja, akasimama nyuma, akaondoka kabla hatujasalimiana. Dada hakulia. Majirani walilisema hilo, kama majirani wanavyosema.

Baadaye tulikuwa tunapanga nguo zake, za kumgawia mkwewe na za kutoa. Simu ya shemeji, ambayo dada alikuwa hajaizima, ikalia kitandani. Sauti ilikuwa kubwa, niliisikia. Mwanamume alikuwa anataka ngazi yake ipigwe msasa na kupakwa upya, kuna rafiki yake kamsifia.

"Naongea na Msasa?"

"Hapana. Fundi hayupo."

"Atarudi lini?"

Dada aliweka chini shati alilokuwa akilikunja, yule mtu akisema haloo, haloo.

"Hatarudi," akasema. "Niambie mimi. Ngazi ina vipandio vingapi? Vinalia ukivikanyaga?... Rangi au vanishi?... Basi nitakuja asubuhi niione."

Akaikata simu, akaiweka juu ya rundo la mashati. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama mtoto, na mimi nikaketi sakafuni karibu naye. Alipochoka alijifuta kwa mkono wa shati moja la shemeji, akaniuliza kama nyumbani kwangu nina futi ya utepe, maana ya kwake hajui ilipo.

Nilimletea yangu ya kupimia mapazia.